Jinsi tulivyoirudisha meza yetu ya Ijumaa

Kulikuwa na meza ya duara pale kona kabisa, karibu na dirisha, mguu wake mmoja mfupi kwahiyo mhudumu alikuwa anakunja kitambaa cha karatasi mara nne anakisukumia chini kabla hatujakaa. Hiyo ndo ilikuwa meza yetu. Ijumaa ya mwisho wa mwezi, miaka kama minne hivi, watu sita, tunaingia mapema jioni na tunatoka wahudumu wameshapandisha viti juu ya meza zingine wanatusubiri sisi tu tumalize stori.

Ile kona tuliipenda kwasababu iko mbali na spika. Kuna daktari wa Kifaransa anaitwa Étienne Lombard, mwaka 1911 alieleza kwamba mtu akizungukwa na kelele anapandisha sauti bila hata kujijua, na ndo kinachotokea kwenye mgahawa uliojaa, meza hii inaongea kwa nguvu, ya pili inazidisha, mwisho wote mnapiga kelele na hakuna anayemsikia mwenzie. Sisi kule kona tulikuwa tunasikiana hata mtu akiongea kwa kunong'ona, na mambo mazito ya maisha yetu tuliambiana pale, mmoja alitupa habari ya kufiwa na mama yake pale pale na tukakaa kimya muda mrefu tu tumemshika mabega.

Alafu mwenzetu mmoja akaanza kukosa. Mara ana kazi, mara mtoto anaumwa, mara kachoka. Mwezi wa tatu mfululizo na mwingine nae hakuja, grupu la WhatsApp likabaki la kutumiana heri ya birthday tu. Iliniuma sana yani, nikaona huu urafiki tunaupoteza hivi hivi tunauangalia.

Nikamfata nyumbani yule wa kwanza kukosa. Hatukuongea kwanza, baadae sana ndo akaniambia, "Ndugu yangu, ile meza naipenda kuliko mnavyodhani, ila kila nikitoka pale mwezi wote unanishinda." Hapo ndo nikakumbuka vitu ambavyo nilikuwa naviona kwa macho kila siku. Akifungua menyu alikuwa anaanza na upande wa bei, kidole gumba kinashuka taratibu mpaka kinasimama chini kabisa. Anaagiza sahani moja na maji. Sisi wengine tunaongeza hiki, tunaongeza kile, bili ikija tunaigawa kwa sita na nae analipa sawa na mtu aliyekula sahani tatu. Miaka minne jamani, na hakuwahi kusema neno.

Nilipoanza kusoma habari za kugawana bili nikakuta utafiti wa Uri Gneezy na wenzake wa mwaka 2004, waliwakalisha watu mgahawani sita sita, tena sita kama sisi, na wale walioambiwa bili itagawanywa sawa waliagiza vitu vya gharama zaidi kuliko wale wa kila mtu alipe chake. Maana ukiongeza sahani, sehemu kubwa ya bei yake wanakulipia wenzio. Hakuna aliyekuwa na roho mbaya pale mezani, ule utaratibu wenyewe ndo ulikuwa unamuumiza aliyekuwa nacho kidogo.

Nilichofanya, sikuandika kwenye grupu, nilimpigia kila mmoja peke yake na sikumtaja mtu, nikasema tu mimi nataka turudi na safari hii kila mtu alipe chake. Wawili wakaona kama ni uchoyo, na mmoja nilibishana nae karibu saa nzima, nikamuuliza kama angekuwa hana hela mwezi huo angetuambia? Akanyamaza, akasema sawa. Siku ya Ijumaa nikamwambia mhudumu mapema kabisa, kabla hata menyu hazijafika, kwamba tunaomba bili sita tofauti. Hili ni la muhimu kweli, ukisubiri mpaka mwisho mhudumu wa watu anaanza kukumbuka nani alikula nini na aibu inarudi mezani. Vya kushea tukakubaliana wanachanga waliokula, na anayetaka kumtoa mwenzie, yani kumlipia, anasema kabla ya kuagiza, ili anayetolewa aagize kwa amani. Siku pia hatuipigii kura tena, ni Ijumaa ya mwisho, ukiweza unakuja, tukiwa watatu tunakaa watatu.

Nilikuwa na wasiwasi kama atakuja. Nimeingia nikamkuta kashafika, kakaa kiti chake cha siku zote anakunja kitambaa cha karatasi mwenyewe, anakisukumia chini ya ule mguu mfupi, akaitingisha meza kidogo kuona kama imetulia. "Mmechelewa," akasema. Akaagiza sahani moja na maji, kama kawaida yake. Bili yake ilipokuja aliisoma, akalipa, akaiweka pembeni akaendelea na stori aliyokuwa anaisimulia, na tuliondoka pale wa mwisho kabisa, viti vyote viko juu.