Nimekuombea Wewe

Kusi ya mwaka ule ilivuma vibaya. Kaka yangu na mwenzake walitoka na mashua Jumanne jioni. Alhamisi hawajaonekana, na wavuvi wa Malindi walikuwa wameanza kutuambia "Inshallah" kwa upole ambao mtu wa pwani akiusikia tu, moyo unamshuka.

Usiku ule akina mama wa maombi walikuja kwetu Muyeye. Jamvi likatandikwa uani, kandili ikatundikwa kwenye mwarobaini. Mama wa yule mwenzake kaka alikuwamo, kashika pindo la leso, analikunja na kulikunjua. Mama akaniambia, "Mwanangu, anza wewe." Nikafumba macho. "Baba yetu..." Nikaishia hapo. Hata machozi hayakuja.

Mwinjilisti, mzee wa Kaloleni, akanigusa bega. "Keti. Yuko anayeomba."

Akafungua Waebrania 7:25: "yu hai sikuzote ili awaombee." Shangazi akadakia, "Ndiye mshenga wetu!" Wakaitika amina. Mzee akatikisa kichwa. Mshenga, alisema, hutumwa kwa watu ambao huenda wakakukataa, akabembeleze. Mungu abembelezwe nini, na ndiye aliyemtoa Mwana? Aliyeko mkono wake wa kuume ni Mwana huyo huyo aliyewahi kulala chomboni, tufani ikivuma, bahari anaijua. Jibu hilo lilinikaa, ingawa shangazi alinuna mpaka chai ilipoletwa.

Kisha akasoma Luka 22, Yesu akimwambia Petro kwamba Shetani amewataka awapepete kama ngano: "lakini nimekuombea wewe ili imani yako isitindike," yaani isiishe. Na hapo Petro hajakana bado, jogoo hajawika. Ameombewa kabla. "Ila angalieni," mzee akasema, "hakumwombea asipepetwe."

Ijumaa kaka aliokotwa karibu na Ngomeni, amekumbatia dumu tupu la mafuta. Mwenzake alitolewa na maji baadaye, hayuko hai.

Kanisani watu wakashuhudia kwamba maombi yetu yamejibiwa. Mimi nilinyamaza. Yule mama alikaa jamvi moja nasi, akaomba kuliko sisi sote; yake yalikwenda wapi? Na kusema kweli, ushuhuda wa namna hiyo hunichosha hadi leo.

Malindi imezika mabaharia tangu zamani. Mmisionari Francis Xavier alipotia nanga hapa mwaka 1542 akielekea Goa, India, mmoja wa chombo chake alizikwa papa hapa. Siku ya maziko yetu mzee alikuwa ameandaa mahubiri marefu. Yule mama akamkatiza: "Nisomee ya Petro tu."

Akasoma. Alipofika "isitindike", mama akasema, "Hapo. Rudia hapo."

Mzee akarudia, akaendelea hadi pale Petro anapoambiwa awaimarishe ndugu zake. Mama akageuka, akaangaza macho katika watu mpaka akamwona kaka yangu, aliyejificha nyuma kabisa. Akamwita kwa jina, aje ashike jembe.