Gunia la mahindi yenye ukungu, Lubumbashi: kumbukumbu ya mradi

Gunia la kilo 50, mvua ililifikia kwenye depo. Swali: je, kuna sehemu inayoweza kurudi kwenye sufuria ya bukari (ugali)?

Siku ya 1. Kuchambua juani, juu ya turubai jeupe, pua imefungwa kitambaa. Zimetolewa punje za kijani, zilizosinyaa, zilizovunjika na zilizotobolewa na fukusi: kilo 7. Kazi kubwa ni hii, kwani aflatoksini, sumu ya kuvu, haienei sawasawa. Punje chache hubeba sehemu kubwa ya sumu. Ndiyo maana konzi moja ya sampuli hudanganya. Chota pande zote za gunia, saga pamoja, ndipo upime.

Taa ya urujuanimno, kama ya wabadilisha pesa, imejaribiwa na kuachwa. Kinachong'aa kijani-manjano kwenye punje zilizopasuliwa ni zao la asidi ya kojiki kutoka kwa kuvu, si aflatoksini yenyewe. Punje isiyong'aa haijatakasika.

Siku ya 2. Lita 3 za maji kwa kilo 1, koroga, engua zinazoelea: kilo 3 zaidi. Ndoo moja ililala na mahindi yaliyolowa, asubuhi ikanuka, imemwagwa. Anika siku hiyohiyo, tabaka jembamba. Kupima: chumvi kavu na mahindi ndani ya chupa kavu, tikisa. Chumvi ikishika kioo, unyevu bado unazidi asilimia 15.

Siku ya 5. Mashini ya kukoboa. Sumu nyingi huondoka na pumba na kiini, kwa hiyo pumba zimezikwa, si kupewa mifugo. Bata hasa hawaivumilii sumu hii hata kidogo. Punje zilizochambuliwa nazo shimoni, si kwenye munkoyo, kinywaji cha mahindi yaliyochachushwa.

Fungu dogo limechemshwa na chokaa ya chakula, gramu 10 kwa kilo, likalazwa usiku, likaoshwa mara 3. Chokaa hufungua pete ya molekuli ya aflatoksini, lakini asidi ya tumbo yaweza kuifunga tena sehemu yake. Ni nyongeza tu. Moto wa bukari ndio hausaidii kabisa: hapa, kwenye mita 1,200 hivi, maji huchemka kabla ya nyuzi 100, na sumu hii huvumilia zaidi ya 200.

Unga umefungwa, haujaguswa. Sampuli iko maabara. Ikizidi mikrogramu 10 kwa kilo, kikomo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, nao utazikwa.