Kaburi lililogeuzwa mpaka

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii nilipanga kuandika juu ya shukrani, nimeshindwa.

Jumamosi nilimpeleka mgeni kutoka nyumbani kwenye makaburi ya Arlington hapa Virginia, tukazunguka yale mawe meupe mpaka miguu ikauma, tukafika kule juu kwenye nyumba iliyokuwa ya familia ya Jenerali Robert E. Lee, aliyeongoza jeshi la Kusini. Kando ya bustani ya maua kuna mnara wa jiwe, watu wengi wanaupita tu. Chini yake imelala mifupa ya askari 2,111 wa vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, ile ya 1861 hadi 1865. Iliokotwa kwenye uwanja wa vita wa Bull Run na njia ya kwenda mto Rappahannock, ikawekwa pamoja mwaka 1866. Nani ni nani haikujulikana, na inaaminika wamo wa Kaskazini na wa Kusini pia, maana fuvu halivai sare.

Kilichonichoma mimi lakini ni habari ya Montgomery Meigs, mkuu wa ugavi wa jeshi la Kaskazini. Huyu ujanani alifanya kazi chini ya Lee huyohuyo. Mwaka 1864 akashauri shamba lile la akina Lee liwe makaburi, akataka wafu wazikwe karibu kabisa na nyumba ili akina Lee wasirudi kuishi pale tena. Oktoba mwaka uleule mwanawe John akauawa vitani. Leo baba na mwana wamezikwa hukohuko Arlington.

Wapendwa, nilisimama pale nikajiona. Tulipomzika baba kihambani, kwenye shamba la ukoo kule Marangu, mimi ndiye niliyeng'ang'ania kaburi lichimbwe upande ule wa chini, nikasema ndiko alikopapenda, kumbe moyoni nilijua kaka anataka kujenga pale. Nilimfanya baba yangu mzazi kuwa bikoni, jiwe la mpaka. Miaka sita sasa hatuongei na kaka, na muda wote huo naongoza maombi Jumatano!

Kwenye 2 Samweli 2 jemadari Abneri alimuuliza jemadari mwenzake Yoabu aliyekuwa akipigana naye, upanga utakula siku zote? Walikuwa Israeli kwa Israeli. Na Bwana kwenye Mathayo 5 hasemi kama wewe una neno na ndugu yako, anasema ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka, uende. Sasa sisi tunatoa zaka, tunaimba kwaya, tunafunga siku tatu, halafu mtu amemblok dada yake wa tumbo moja kwa sababu ya mchango wa harusi. Unasubiri nini? Unasubiri msiba ndio usafiri, ulie kuliko wote, ununue na jeneza la bei? Huyo maiti hatakusikia ukimwambia nisamehe. Mpigie leo akiwa na masikio! Kama ni mkali mpigie hivyohivyo, akikukatia piga tena kesho, na usianze kwa kumkumbusha kosa lake.

Mimi simu yangu kaka hapokei. Wachaga mnajua, ule mmea wa masale tunaupanda mpakani, na jani hilohilo la sale ndilo tunalobeba kwenda kuomba msamaha. Nimemuombea shangazi alichume palepale kwenye mpaka wetu, karibu na kaburi la baba, ampelekee kaka kwa niaba yangu. Amekubali, anaenda Jumapili baada ya ibada ya kwanza. Naomba mtuombee.