Pulsari zinapochelewa, nani alaumiwe?

Katika utafutaji wa mawimbi ya mvutano (mitikisiko ya nafasi yenyewe) kwa kutumia pulsari, kinachonivutia zaidi ni namna watafiti wanavyombaini mhusika mapigo ya nyota hizo yanapokosa kufika kwa wakati.

Pulsari ni nyota ya nyutroni, yaani kiini kilichoshindiliwa cha nyota kubwa iliyolipuka, inayojizungusha huku ikimulika miale ya redio, mithili ya mnara wa taa baharini; kila mwale unapotupitia, tunapokea pigo moja. Mojawapo, B1937+21, iliyogunduliwa mwaka 1982, hujizungusha takriban mara 642 kwa sekunde. Kwa zilizo tulivu zaidi, wakati wa pigo kufika hutabirika kwa kosa lisilofikia sehemu moja ya milioni ya sekunde. Wimbi la mvutano linapopita, hunyoosha na kubana nafasi iliyopo kati yetu na nyota, hivyo mapigo yakawahi au kuchelewa kidogo mno. Na kwa kuwa mawimbi yanayotafutwa, ambayo huenda hutokana na jozi za mashimo meusi makubwa katika vitovu vya galaksi, huchukua miaka kadhaa kupanda na kushuka mara moja, hakuna njia ya mkato ila kupima miaka nenda miaka rudi.

Hata hivyo, si wimbi peke yake linaloweza kuvuruga hesabu. Saa za hapa duniani zikienda mrama, pulsari zote huonekana kupotoka kwa pamoja. Makadirio ya mahali ilipo sayari ya Mshtarii yakikosewa kidogo (nami sikuwahi kufikiri kwamba Mshtarii inahusika, kumbe uzito wake huyumbisha kitovu cha mfumo wa jua ambacho mapigo hupimwa kwacho), za upande mmoja wa anga huonekana kuwahi na za upande wa pili kuchelewa. Wimbi la mvutano lina alama yake, iliyokokotolewa na wanasayansi Hellings na Downs mwaka 1983: pulsari mbili zinazoonekana jirani angani hupotoka kwa kufuatana, zilizotengana kwa digrii 80 hivi hupotoka kinyume, na zinazokabiliana pande mbili za anga hurudi kufuatana, ingawa kwa udhaifu zaidi.

Kwa hiyo kinachohesabiwa ni jozi za pulsari. Kundi la watafiti wa Amerika Kaskazini, NANOGrav, lililochapisha matokeo yake Juni 2023 sambamba na makundi ya Ulaya, Australia na China, lilichambua pulsari 67, yaani jozi 2211, kwa vipimo vya miaka 15, vikiwemo vya darubini ya redio ya Arecibo, huko Puerto Rico, iliyoporomoka Desemba 2020. Umbo la Hellings na Downs lilijitokeza, lakini si kwa uhakika wa kutosha, na kwa uungwana wao waliandika “ushahidi”, si “ugunduzi”.