Siku moja maishani mwangu: naandikisha mashamba ya kahawa Kapchorwa

Saa kumi na mbili asubuhi. Naanza na simu: chaji imejaa, betri ya akiba pia. Kazi yangu ni kuandikisha mashamba ya wanachama wa ushirika wetu wa kahawa, huku kwenye miteremko ya Mlima Elgon, Uganda. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyopitishwa 2023 inataka kahawa inayoingia kwao ijulikane imetoka shamba gani hasa, na shamba hilo lisiwe limefyekwa msituni baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kuanza kutumika kwake kumeahirishwa zaidi ya mara moja, ila wanunuzi wameshaanza kudai orodha.

Saa mbili. Boda boda inanishusha barabara inapokwisha, napanda kwa miguu. Shamba lisilozidi hekta nne linahitaji alama moja tu ya mahali, latitudo na longitudo zenye tarakimu sita baada ya nukta. Huku wengi hawafiki hata hekta moja. Mama mmoja ananionyesha arabika yake chini ya migomba na miti mirefu ya kivuli. Miti hiyo inashika udongo mvua zikizidi, na watu wa mlima huu hawajasahau maporomoko ya ardhi ya Bududa ya 2010. Lakini picha ya setilaiti inaweza kulihesabu shamba kama hili kuwa msitu, na siku mama akikata mti uliozeeka aonekane mharibifu. Ndiyo maana nalipiga picha kila upande.

Saa nne na nusu, karibu na mpaka wa hifadhi ya taifa. Mzee ananikaribisha vizuri, ananipa kiti, kisha anaiangalia simu.

"Kijana wangu, hiyo inapeleka shamba langu wapi?"

Namweleza: kwa ushirika, kwa mnunuzi, halafu Ulaya.

"Na watu wa hifadhi?"

Ana sababu ya kuuliza. Huku kuna watu wa jamii ya Benet walioondolewa msituni, na mpaka umegombaniwa miaka mingi. Kwake ramani ni jambo la kuogopa. Anasema tungoje mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, awepo, nami nakubali. Siwezi kuchukua alama ya shamba la mtu ambaye hajaridhika.

Saa saba. Posho, yaani ugali, na maharagwe, kisha napumzika nikiwaza jibu nililomkosesha mzee yule.

Mimi naamini Ulaya imefanya mambo makubwa katika diplomasia ya tabianchi. Baada ya mkutano wa tabianchi wa Copenhagen 2009, ambako makubaliano ya mwisho yalipatanishwa na Marekani, China, India, Brazil na Afrika Kusini bila Ulaya kuwemo chumbani, walibadili njia. Kwenye mkutano wa Durban 2011 walishikamana na nchi maskini zaidi, Uganda ikiwa mojawapo, pamoja na visiwa vidogo, na mshikamano huo ulifungua njia ya mkataba wa Paris 2015. Kwenye mkutano wa Sharm el-Sheikh 2022 walilegeza msimamo wao, mfuko wa hasara na uharibifu, wa kusaidia nchi zinazoumizwa na mabadiliko ya tabianchi, ukakubaliwa. Huko huko walitia saini ushirikiano wa misitu na Uganda.

Lakini sheria ya kahawa ilitufikia ikiwa imeshaandikwa. Durban walitutafuta kwanza, wakasikiliza, ndipo wakasonga. Mkulima wa Kapchorwa hakuulizwa, na sasa mafuta ya boda, bando na siku zangu za kazi vinalipwa na ushirika, maana yake vinatoka kwenye bei ya kilo ya mkulima. Kulinda msitu nakubaliana nako kwa moyo wote. Nisichokubali ni aliyechafua hewa kidogo kabisa ndiye alipie ushahidi.

Saa tisa. Ofisini, kuingiza alama. Mtandao wa taratibu.

Saa kumi na moja. Katibu wetu ananiomba nimalizie barua ya ushirika kwa wabia wa Ulaya. Tunaomba gharama za kupima zisikatwe kwa mkulima. Tunaomba kahawa ya kivuli itambuliwe kuwa kahawa. Naongeza ombi la tatu, la mzee: waandike wazi nani ataruhusiwa kuziona alama za mashamba, na nani hataruhusiwa. Katibu anasoma, anasema hilo lipande liwe la kwanza.