Ndege Tatu Kwenda Kuoga

Shangazi yangu wa Magomeni alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Kwa hiyo umepanda ndege tatu kwenda kuoga maji ya moto? Si ungefungua bomba hapo uani saa nane mchana!" Hajakosea. Tangi letu linashinda juani, na mwezi wa pili maji yake karibu yakoroge uji.

Maji ya Baños, Ekuador, kule Amerika Kusini, yanatoka chini ya volkano. Nilitua Quito, mita 2,850 juu ya bahari, na mimi mtu wa pwani, ngazi za ghorofa moja tu nikahema kama mbwa. Basi likanishusha Baños, mita 1,800 hivi, mji mdogo uliobanwa na milima, hewa nyororo kama ya Lushoto. Mlima Tungurahua ulipoamka 1999 mji mzima ulihamishwa. Miezi michache baadaye watu wakarudi kwa nguvu, volkano ikiwa bado inaunguruma.

Nilipanga chumba kwa bibi mmoja. Akataka kodi ya mwezi mmoja. Nikamuuliza tena, labda Kihispania changu kimenidanganya. Mwezi mmoja! Kwetu dalali angeshataka miezi sita mkononi, na chake pembeni. Mchana nilikula sokoni: supu, wali, kuku na glasi ya juisi, dola 3. Ekuador wanatumia dola tangu 2000, kwa hiyo hakuna kuhangaika kubadilisha. Kazi ni kuacha kuzidisha kwa shilingi kila unapolipa. Siku niliyojitia mtalii mwenye hela, mtaa wa wageni, chakula kilekile nilikilipia mara tatu ya bei hiyo.

Bwawani nilirudishwa mlangoni kwa kukosa kofia ya kuogelea, nikanunua ya njano, mbaya sana. Maji yana rangi ya chai ya maziwa. Wazee wamezama hadi shingoni, wanapiga soga kama wako barazani, nami nikajikunyata pembeni mpaka ngozi ya vidole ikanyauka.

Lakini kilichonishika ni melcocha. Mlangoni pa duka, kijana anatundika donge la sukari ya miwa kwenye kigingi ukutani, analivuta kama kamba, analirudisha, paa, mpaka ule ukahawia unageuka dhahabu. Nilimletea shangazi vipande sita. Alitafuna kimoja, kikamnata kwenye jino, akanyamaza muda mrefu.

"Hivi nauli ya huko ni shilingi ngapi?"