Pencheni Isiyo ya Mstaafu

Mapema 2024 tulikaa wawili na kurasa mbili tu za Kiswahili za kugeuza Kiarabu: maelezo ya Pencheni Jamii ya Zanzibar, kwa wasomaji wa Muscat, Oman. Pencheni hiyo ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, kwa mzee aliyetimiza miaka 70, hata kama maisha yake yote alikuwa mvuvi au mkulima wa mwani. Haina michango wala haimpimi mtu kipato. Uzito wake uko hapo, na ndipo tulipoteleza.

Rasimu ya kwanza ilisema taqaud. Tukampelekea mzee mmoja wa huko mwenye asili ya Unguja. Akapiga simu: "Mwanangu, hawa wazee walistaafu wizara gani?" Taqaud ni kustaafu, na asiyeajiriwa hastaafu. Tukajaribu maash, ambalo kwa Wamisri ndiyo pencheni yenyewe. Halikufaa pia, maana Mwarabu wa Ghuba akisema maash mara nyingi anakusudia mshahara.

Anayetoka kwenye Kiswahili hupotezwa na maneno yanayofanana. Jamii yetu kwao ni mujtamaa. Jamii yao ni "wote" (na kwa pencheni hii, hilo lisingekuwa kosa kubwa). Ustawi ukiurudisha kwao unakuwa istiwaa, neno lililomo katika jina lao la ikweta. Ustawi wa jamii wanauita riaya, yaani uangalizi. Lipo na rafahia, lakini linanukia anasa, na shilingi 20,000 za kuanzia hazikuwa anasa.

Lililotusumbua zaidi ni haki. Sisi tunalibebesha mizigo miwili, anachostahili mtu na uadilifu. Kiarabu kinaitenga, haqq na adala. "Haki ya kijamii" tulikuwa tumeiandika haqq ijtimai, ikawa stahili moja ya mtu mmoja, ilhali sentensi ilizungumzia nchi kugawana kwa uadilifu. Ikawa adala ijtimaiya, maneno yaleyale ambayo waandamanaji wa Misri mwaka 2011 waliyataja katika kaulimbiu yao, baada ya "mkate" na "uhuru".

Kwenye "mlengwa" tulibishana. Mustahdaf lipo kwenye ripoti, lakini pia ndiye anayelengwa kwa kombora. Mwenzangu alitaka mustafid, mwenye kufaidika. Mimi nikang'ang'ania mustahiq, kwa kuwa haqq imo ndani yake, ingawa linamkumbusha msomaji wanaostahiki zaka. Tukaliacha, na ubavuni mwake tukaandika wazi kwamba kipato hakipimwi. "Wazee" hatukuandika shuyukh, maana Oman shekhe ni cheo.

Neno la pencheni akatupa mzee yuleyule. Sheria ya Oman ya hifadhi ya jamii ya 2023 imeweka rial 115 kwa mwezi kwa raia kuanzia miaka 60, na malipo hayo yanaitwa manfaat kibar as-sin, yaani manfaa ya wakubwa wa umri. "Manufaa si lenu pia?" akacheka.

Kubadilisha kote kwa mpigo kompyutani hakukuwezekana. Taqaud ni neno la kiume, manfaa ni la kike, kwa hiyo kila kitendo na kila sifa iliyolifuata ilibidi igeuke nalo: yudfau ikawa tudfau, mstari kwa mstari, mpaka saa mbili usiku. Moja ikatuponyoka, kwenye kichwa cha ukurasa wa pili.